Kwa Shabani, kuhusu vile vidonge

Ujiji, Jumapili baada ya alasiri

Mwanangu Shabani,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, ya tatu nikamwita mjukuu anikuzie maandishi. Unasema umepimwa presha siku tatu tofauti, haikushuka chini ya 158 kwa 98, umepewa amlodipini, vidonge vya presha, nawe unauliza: "Mama, nikianza ndiyo mpaka kaburini?" Halafu mwishoni, kana kwamba ni neno dogo, "Zuhura asijue kwanza."

Swali lako lina jibu fupi. Walio wengi wakianza huendelea. Wapo wanaopunguza uzito na chumvi, presha ikashuka, daktari akawapunguzia dozi. Lakini anayepunguza ni daktari, siyo wewe kwa kuwa umeamka unajisikia mzima. Presha haiumi, baba. Yangu nimekaa nayo bila kuijua mpaka moyo ukatanuka. Siku ya kipimo cha eko, ile picha ya moyo, nilionyeshwa kwenye kioo unavyopiga, kivivu, kama mtu anayepanda mlima na ndoo mbili.

Lililoninyima usingizi ni hilo la mkeo Zuhura. Acha nikwambie jambo ambalo hakuna mtu wa nyumba hii anayelijua, hata marehemu baba yako hakulijua.

Harusi ya kaka yako Idi, Tabora. Wewe ndiye uliyetukatia tiketi, daraja la tatu (sikulalamika siku ile na silalamiki leo, ingawa la pili lilikuwepo). Asubuhi ya safari nilikitazama kiganjani kidonge changu cha Lasix, kile cha kutoa maji mwilini, nikakirudisha kwenye pakiti. Kile ukikimeza, saa haijaisha unatafuta choo, na utakitafuta tena na tena. Nikaliwaza behewa: magunia njiani, watoto wamelala chini, na mimi mama wa bwana harusi nawaruka watu mara sita, kanga nimeikusanya mkononi. Nikasema nitameza tukifika. Pale Uvinza mjomba wenu akanipitishia dirishani mfuko wa chumvi, zawadi ya wakwe, nikaupakata usiku kucha. Babu yako alichemsha maji ya chumvi Uvinza mpaka akazeeka. Kwetu mboga isiyokolea ilikuwa tusi kwa mgeni.

Tulipofika sikumeza. Ukweni kwa watu, choo kiko ng'ambo ya ua, ua umejaa wanaume wanafunga maturubai; nipite mbele yao kila nusu saa? Siku tatu nzima. Na pilau sikuikataa, wala mchuzi wake.

Usiku wa kuamkia ndoa sikuweza kulala. Nikijinyoosha tu pumzi inakata kama mtu aliyezamishwa, nikaegemea magunia ya mchele mpaka adhana. Nilijibonyeza mguu juu ya kifundo, kidole kikaacha shimo. Nikalitazama lile shimo, halijai. Nikavaa soksi.

Mengine unayajua, wewe ndiye uliyenibeba. Ndoa ya mwanangu wa kwanza niliisikilizia kwenye simu yako, mrija wa oksijeni puani. Usilolijua ni hili. Yule daktari kijana alipouliza kama dawa nameza, ulijibu kabla yangu, tena kifua mbele: "Mama hakosi hata siku moja." Nikakuangalia usoni. Nikasema, "Ndiyo, hata jana." Sasa mtoto wa watu angejuaje? Akaona dozi haitoshi, akaiandika mara mbili. Nikarudi Ujiji na dozi ya yule mama asiyekosa hata siku moja, na safari hii kwa hofu nikaimeza yote. Wiki ya pili nikaanguka bafuni. Mkasema utelezi, mkaninunulia zulia la mpira. Haukuwa utelezi. Maji yalikuwa yamenikauka mwilini, nikisimama nyumba inazunguka.

Nasema siku zote na mnanicheka: ukoo wetu umeumizwa na aibu kuliko ugonjwa. Babu yenu alificha jicho, shangazi akaficha uvimbe, mimi nikaficha mkojo. Baadaye muuguzi wa kliniki nilimweleza yote, maana yeye si mkwe wangu. Akacheka. Akasema siku ya safari saa ya kumeza inaweza kusogezwa, niulize tu, nisijipangie mwenyewe. Basi, ndiyo hivyo tu!

Siku hizi nikitoka chooni alfajiri napanda mizani kabla ya chai, naandika kwenye daftari. Nikiongezeka kilo mbili ndani ya siku chache najua ni maji, napiga simu kliniki. Ile kaptopril, dawa yangu ya presha, iliyonikohoza mpaka majirani wakaninong'ona, nilisema, nikabadilishiwa losatani, kikohozi kikakoma. Na hiyo yako ikikuvimbisha miguu usiitupe, waambie. Diklofenaki, dawa ya maumivu ya goti, nimekatazwa kabisa, inabakiza maji mwilini. Chumvi isifike kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, na hapo imehesabiwa ya kwenye mkate. Mwezi wa kwanza niliona natafuna pamba. Sasa limau na pilipili vinanitosha. Natembea mpaka kwenye miembe ya Livingstone na kurudi, polepole. Mawese sijaacha, nimepunguza. Najua karibu nusu yake ni mafuta yale wanayotukataza. Lakini samaki mgebuka bila mawese, hapana. Haya, najua, ni mimi huyuhuyu ninayekuhubiria chumvi.

Kuhusu mkeo sitasema kitu. Una miaka 41, nyumba ni yako. Ila mwenye kijiko cha chumvi ni Zuhura. Utamwambiaje apunguze bila kumwambia kwa nini? Utasema hajui kupika? Na ukianguka, akaulizwa unameza nini, atajibu nini, kwamba mume wangu ni mzima hakosi hata... Nimenyamaza. Nilisema sitasema.

Idi nitamweleza mwenyewe habari ya Tabora, usinitangulie.

Dagaa nimekununulia Kibirizi, wa kichanjani, hawakutiwa chumvi, nimewaonja. Wanakuja na basi la Jumanne.

Na hivyo vidonge unavificha wapi? Kama ni kwenye gari, vitoe leo. Joto la Dar litaviharibu.

Mama yako