Maswali ya wasomaji: Saa yangu ya kuzamia na ya mwenzangu zinabishana, tufuate ipi?

SWALI: Mwalimu shikamoo. Nimemaliza kozi ya kwanza ya kupiga mbizi juzi juzi tu, nikanunua kompyuta ya kuzamia, hii ya kuvaa mkononi kama saa. Sasa tukashuka mimi na mwenzangu, tuko pamoja muda wote, mita 22 hivi, nachungulia yangu inasema zimebaki dakika 9, ya kwake 17! Ipi inadanganya?

JIBU: Marahaba. Hakuna inayodanganya, na nimefurahi umechungulia ya mwenzio, maana wengi hawafanyi hivyo.

Hiyo saa haipimi damu yako wala haijui kama usiku umelala vibaya, kama una kilo nyingi au hujanywa maji tangu asubuhi. Kwa hesabu yake inapima vitu viwili tu, presha ya maji inayoibana sensa yake na muda unaokwenda. Kila mita 10 za maji ya bahari presha inaongezeka kama bar 1 (karibu sawa na presha ya hewa ya pale ufukweni), basi hapo ndo inapiga hesabu naitrojeni kiasi gani imeshaingia mwilini mwa mtu wa kufikirika, halafu inakupa dakika za kukaa chini bila kulazimika kusimama njiani wakati wa kupanda. Hesabu yenyewe sio moja. Saa nyingi zinafuata kazi ya Bühlmann, yule daktari wa Zürich, ambayo kwenye toleo linalotumika sana inaugawa mwili mafungu 16, fungu la haraka linafika nusu ya kujaa kwa dakika 4 au 5 na lile la mwisho linataka dakika 635, lakini kampuni nyingine zina hesabu zao na zinabana zaidi au zinaachia zaidi. Na hata mkiwa na saa za aina moja kabisa, mmoja akiweka tahadhari juu na mwingine akaiacha chini, dakika hazitafanana.

Sasa muulize mwenzio mambo mawili. Je, wewe ulikuwa na mbizi nyingine asubuhi ambayo yeye hakuwa nayo? Kama ndiyo, saa yako inakumbuka naitrojeni iliyobaki, ndo maana inakubana. La pili ndo linaloniogopesha: saa yake imesetiwa hewa gani? Akiiacha kwenye naitroksi (hewa iliyoongezwa oksijeni) ya oksijeni asilimia 32 toka safari iliyopita na leo mtungi una hewa ya kawaida ya asilimia 21, saa itaamini naitrojeni ni kidogo na itampa dakika ambazo hana. Kosa la kinyume nalo baya, saa inasema 21 na mtungi una 32, hapo atapita mita 33 bila onyo lolote na oksijeni kwa presha ya huko inaweza kumletea degedege majini. Kwahiyo kabla hamjavaa mitungi, bonyezeni mpaka mwone ile asilimia kwenye skrini, kila mtu ya kwake, kisha mwonyeshane.

Mkiwa chini kanuni ni moja tu, zile 9 ndo dakika zenu wote wawili. Mwenye chache ndo anaamua na mwingine anapanda naye, na msisubiri zifike 0 jamani, anzeni kupanda zikiwa bado zipo.

SWALI: Mimi na mume wangu tuna saa moja tu ya kuzamia. Yeye anaivaa asubuhi, mimi mchana. Kuna ubaya?

JIBU: Upo dada, tena mkubwa. Mchana saa itakuhesabia naitrojeni ya mumeo, hiyo itakubana tu, lakini yeye akiazima saa nyingine kwa mbizi ya pili, ile mpya itamwona mtu ambaye hajagusa maji, itampa dakika nyingi na mwili wake umeshabeba mzigo wa asubuhi, na hapo ndo watu wanapatia ugonjwa wa mgandamizo, yaani naitrojeni inafanya mapovu mwilini, viungo vinauma, ganzi, wengine miguu inakataa kabisa. Hata mkizama pamoja ubavu kwa ubavu haitoshi, mmoja akishuka mita 3 zaidi kuangalia kitu hesabu zenu zimeshaachana. Kila mtu na yake. Kama hela haitoshi kwa mbili kodini ya pili, na mtu akishaanza siku na saa fulani amalize nayo, asiivue akaiacha chumbani.

Na mkanda ukazeni tena mkishafika chini, wetsuti (nguo ya kuzamia) inabanwa na presha inakuwa nyembamba, mkanda uliokuwa umekaza ufukweni unaanza kuzunguka mkononi na skrini inageukia upande usioiona.

SWALI: Simu yangu ilikuja na saa janja, nyuma imeandikwa mita 50. Naweza kuzamia nayo mita 18?

JIBU: Usijaribu. Hiyo 50 ni kipimo cha presha maabara, maana yake kwa matumizi ni kuogelea juu juu. Zipo saa janja zilizotengenezwa kwa kazi hii, mfano Apple Watch Ultra iliyotoka 2022 ina kipima kina na kwa programu ya Oceanic+ inafanya kazi mpaka mita 40, lakini hiyo ni saa nyingine kabisa.

SWALI: Ikizima ghafla chini nafanyaje? Na nikitoka nasubiri muda gani kupanda ndege?

JIBU: Ikizima mbizi imeisha hapo hapo. Mpe mwenzio ishara, pandeni pamoja taratibu, isizidi mita 9 kwa dakika, simameni mita 5 kwa dakika 3 mpaka 5 mkitumia saa yake kwa kina na muda, hewa ikitosha kaeni zaidi. Zile mita 10 za mwisho ndo za kupanda polepole kuliko zote, presha inatoka bar 2 inakuwa 1, yaani inapungua nusu ndani ya kipande kifupi, na hapo ndo watu wanajiachia kwa sababu wanaona mwanga. Baadae usivae saa nyingine ukarudi majini, kaa saa 24 kwanza.

Ndege: kwa mbizi moja ya kawaida isiyohitaji kusimama njiani ushauri wa DAN (Divers Alert Network, shirika la usalama wa wazamiaji) ni angalau saa 12, ukizama zaidi ya mara moja au siku kadhaa mfululizo angalau 18, na kama ulilazimika kusimama njiani kutoa naitrojeni basi zaidi sana ya 18. Saa yako inaonyesha alama ya ndege na muda wake, ikikupa mrefu kuliko huu fuata wa saa.