Kuchomelea bodi iliyoliwa na kutu: kata kwanza mpaka ukute bati zima

Ndugu uliyeuliza kuhusu gari lako la miaka ya 1970, nimeyasoma maelezo yako kwa makini. Umesema kutu imetoboa vizingiti vya chini ya milango pamoja na pembe ya chini ya madigadi ya mbele. Fundi mmoja amekushauri ujaze puti na kupiga rangi, mwingine amejitolea kuchomelea bati jipya juu ya lile bovu, nawe unataka kujua umfuate yupi na kama inafaa ununue mashine ufanye kazi hiyo mwenyewe. Nimekarabati bodi za magari ya zamani kwa muda mrefu, mengi yakiwa yangu na machache ya jamaa zangu, na ninakusihi usimfuate yeyote kati ya hao wawili. Bati lililoliwa hukatwa na kutolewa lote, ndipo jipya huwekwa mahali pake.

Sababu iko ndani ya kizingiti chenyewe. Kile unachokiona nje ni upande mmoja tu wa boksi lenye uwazi, lililoundwa kwa mabati mawili au matatu yaliyounganishwa kwenye kingo. Maji na tope huingia humo, na matundu madogo ya chini yaliyowekwa kiwandani ili kuyatoa huziba, hivyo chuma hukaa na unyevu miaka nenda miaka rudi huku rangi ya nje ikiendelea kung'aa. Tundu linapotokea nje, ndani kumekwisha kuoza zamani. Isitoshe, kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, na ndiyo maana katika maungio ya mabati mawili huyasukuma mpaka yakaachana. Ukichomelea bati juu ya hali hiyo unatengeneza mfuko mwingine wa kuhifadhi maji, na moto wa kuchomelea unaunguza hata ile rangi kidogo iliyokuwa imebaki upande wa ndani. Puti nayo hunyonya unyevu, kwa hiyo ikijazwa kwenye tundu itavimba na kubanduka.

Kuna jambo zito zaidi ya sura ya gari. Tangu Citroën ilipotoa Traction Avant mwaka 1934, utaratibu wa kuunda gari dogo lisilo na chesi (fremu ya chini) ya peke yake ulienea taratibu, na katika magari ya namna hiyo bodi ndiyo inayobeba mzigo wote. Vizingiti ni sehemu ya uti wa mgongo wa gari. Hata Beetle ya Volkswagen, ambayo bodi yake hufungwa kwa bolti juu ya sakafu, hutegemea mifereji ya chini ya milango: hupitisha hewa ya joto kutoka kwenye injini na wakati huohuo hulipatia ganda lote ukakamavu. Mifereji hiyo ikiliwa, milango huanza kukataa kufunga vizuri. Kwa hiyo kizingiti kilichozibwa kwa puti ni hatari kwa watu walio ndani ya gari, na ningependa jambo hilo uliweke mbele kuliko rangi.

Anza kwa kupima ukubwa wa ugonjwa. Toa mazulia na mapambo ya plastiki, kwangua lami iliyopakwa chini ya gari, kisha chukua bisibisi butu na kusukuma kwa nguvu kila mahali, huku ukigonga kwa nyundo ndogo. Bati zima hulia kwa sauti kali na kuirudisha nyundo; bovu hutoa sauti iliyokufa, na magamba ya kahawia huanguka ndani ukiyasikia yakichakarisha. Usiishie pale bisibisi inapopenya. Futa rangi kwa brashi ya waya au diski ya msasa, uendelee mpaka uone chuma cheupe kisicho na vishimo, halafu weka alama ya mkato sentimita mbili au tatu zaidi ya hapo. Wanaoogopa kukata sana ndio wanaoteseka baadaye, kwa sababu bati lililokondeshwa na kutu halivumilii moto: unapiga pointi moja ya kuchomelea, linatoboka, unajaza tundu, linapanuka, na mwisho wake unakimbizana na ukingo unaoyeyuka mbele yako.

Kabla hujakata kizingiti, hakikisha gari halitabadilika umbo. Liweke kwenye stendi imara zilizokaa chini ya sehemu zinazobeba springi, kamwe si chini ya kizingiti chenyewe. Pima uwazi wa mlango kwa mshazari, pembe hadi pembe, uandike vipimo hivyo, kisha shikiza mabomba ya chuma ndani ya uwazi huo ili nguzo za mbele na za nyuma zisisogeleane. Fanya upande mmoja ukamilike ndipo uende wa pili. Mimi huurudishia mlango kila ninapokaribia kuchomelea kipande kikubwa, nikautazama mwanya wake kwa juu, chini na pembeni, kwa kuwa baada ya kuchomelea hakuna tena kusogeza.

Bati la kununua ni la chuma laini lenye unene ule ule wa lile la kiwandani: kwa kawaida milimita 0.8 hadi 1.0 kwa madigadi na milango, na zaidi kidogo kwa vizingiti na sehemu zinazobeba mzigo. Liepuke bati la kuezekea. Lina zinki, na zinki huchemka kwenye joto la nyuzi 907 za Selsiasi hivi, chini sana ya joto ambalo chuma huyeyukia. Moshi wake mweupe ukiuvuta unaweza kukuletea homa na mitetemeko saa kadhaa baadaye. Ukilazimika kugusa bati lenye zinki, likwangue kwanza pande zote mbili na ufanyie kazi penye hewa. Vilevile usisafishe kwa dawa za kuoshea breki zenye klorini, kwa kuwa mabaki yake yakikutana na moto na mwanga wa kuchomelea huweza kutoa gesi ya fosjini, ambayo ni sumu kali.

Kuhusu mashine, ya kawaida ya fimbo za elektrodi ina joto kupita kiasi kwa bati jembamba kiasi hiki. Mafundi hodari wa zamani walitumia moto wa oksijeni na asetilini, nao waliunganisha kwa ulaini wa kupendeza, ila joto lake husambaa eneo kubwa na bati hujikunja mikononi mwa asiye mzoefu. Kwa mwanafunzi ninashauri mashine ya MIG yenye gesi, yaani ile inayosukuma waya yenyewe huku gesi ikikinga chuma kinachoyeyuka; tumia waya wa milimita 0.6, na mchanganyiko wa gesi za agoni na kabonidayoksaidi. Kabonidayoksaidi peke yake inafanya kazi, lakini hurusha cheche nyingi na huchoma kwa ukali zaidi.

Sasa nije kwenye kuchomelea kwenyewe, ambako wengi huharibu kazi iliyoanza vizuri. Chuma kikiyeyuka na kupoa husinyaa, na kusinyaa huko huvuta bati lililo jirani. Ukipiga mstari mrefu mfululizo kwenye madigadi, utaiona ikijikunja kabla hujainua kofia ya kuchomelea, na mawimbi hayo huwezi kuyaficha kwa rangi. Kwa hiyo kiraka kikatwe kikae sawasawa mahali pake, pembe zake ziwe za mviringo, na kati yake na bati la zamani ubaki mwanya mdogo usiozidi unene wa bati. Kishikize kwa pointi zilizoachana kama sentimita mbili na nusu, ukiruka kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Kisha piga pointi katikati ya zile za mwanzo, tena katikati ya hizo, mpaka zikutane. Kati ya pointi na pointi weka kiganja juu ya bati. Kama huwezi kukiacha hapo bila kuungua, subiri. Wapo wanaopoza kwa kitambaa chenye maji ili waharakishe. Mimi siipendi njia hiyo, kwa sababu maji huingia kwenye maungio ambayo bado hayajafungwa, na chuma kitupu hushika kutu upesi.

Kadiri unavyoendelea, shika nyuma ya maungio kipande kizito cha chuma chenye uso laini na uzigonge pointi kwa nyundo taratibu. Kugonga huko hurefusha kile kilichosinyaa. Kusaga kwa grainda nako kufanywe kwa kugusa na kuacha, maana diski inayokaa mahali pamoja hupasha bati moto na kulipinda kama ilivyo kwa kuchomelea. Unapoweza, peleka mstari wa maungio kwenye mkunjo wa bodi au karibu na ukingo, mahali ambapo umbo lenyewe hulizuia bati lisitembee.

Kingo za kizingiti ni habari nyingine. Kiwandani ziliunganishwa kwa pointi za umeme zilizobana mabati mawili pamoja. Wewe toboa matundu ya milimita 6 hadi 8 kwenye bati la juu, paka praima (rangi ya kwanza) ya zinki katikati ya mabati hayo, ikwangue ndani ya matundu tu, bana kwa klempu, kisha anza kuchomelea kwenye bati la chini katikati ya tundu, ukizunguka kuelekea nje mpaka tundu lijae. Jaribu kwanza kwenye vipande viwili vya unene uleule na uvitenganishe kwa patasi: ikiwa kiungo ni kizuri, kitang'oka na kuacha tundu kwenye bati la chini. Kikibanduka kisafi, ongeza umeme na urudie jaribio kabla ya kugusa gari.

Moto wa bahati mbaya ni rahisi kuliko unavyodhani. Toa tangi la mafuta, tenganisha betri, ondoa kila kinachoungua upande wa pili wa bati, uwe na kizimamoto karibu na mtu wa kuangalia ndani ya gari wakati wewe umejifunika kofia. Ukimaliza, usiondoke kwa saa nzima angalau, kwa sababu sponji au lami huweza kufukuta kimya kabla ya kuwaka.

Baada ya hapo funika chuma kitupu siku hiyohiyo kwa praima ya epoksi, ziba maungio kwa gundi yake maalumu, na puti uipake juu ya praima, nyembamba, kusawazisha tu. Rangi ikikauka, nyunyizia nta ya majimaji ndani ya vizingiti mpaka ianze kuchuruzika kwenye matundu ya kutolea maji, halafu uyazibue matundu hayo. Nta isitangulie kuchomelea, kwani huwaka.

Kuhusu kununua mashine: nunua, ujifunzie madigadi, maana haibebi uzito wa mtu. Vizingiti, na hasa vikishaliwa mpaka karibu na viungio vya springi au mikanda ya kiti, mpe fundi anayekubali masharti mawili: akuoneshe ndani baada ya kukata na kabla ya kufunga, na akuruhusu upige picha. Akikataa, tafuta mwingine.