Re: Mama wa mchumba wangu ana skizofrenia, wajomba wanasema nisioe

Mkuu, wajomba zako wamesema ukoo ule una kichaa, watoto wako watarithi. Nakujibu mimi niliyezaliwa na mama mwenye ugonjwa huohuo wa akili, unaomfanya mtu asikie sauti au aamini mambo yasiyokuwepo.

Tuanze na damu, maana ndiyo inayokutisha. Ipo, sikufichi. Mtu yeyote ana uwezekano wa kama asilimia 1 kuugua skizofrenia maishani. Kwa mtoto wa mgonjwa hufika kama 10, kwa mjukuu wa mgonjwa, yaani mwanao mtakayemzaa, hushuka kwenye 5 hivi. Lakini hata mapacha wa kufanana, mmoja akiugua, mwenzake huponyoka mara nyingi tu, na vinasaba ni vilevile.

Kule Finland, mtafiti Pekka Tienari na wenzake waliwafuatilia kwa miaka mingi watoto wa akina mama wagonjwa waliolelewa na familia nyingine. Walioangukia nyumba za ugomvi na kukosoana waliugua zaidi. Waliopata nyumba tulivu, hatari ilipungua sana. Na cha kushangaza, watoto ambao mama zao hawakuwa wagonjwa, nyumba mbovu haikuwatikisa kiasi hicho. Yaani damu na malezi havifanyi kazi kila kimoja kivyake.

Kwetu tuko wawili. Mama alipozidiwa, mimi nilichukuliwa na bibi Korogwe, mdogo wangu akapelekwa kwa baba mdogo. Jioni bibi alinikalisha mkekani tukichambua mchele, nikimweleza habari za shule. Mama akija na kuanza kujibizana na watu nisiowaona, bibi alisema bila kuficha: "Mama yako anaumwa, leo hajameza dawa. Si kosa lako." Sikuambiwa habari za majini. Mdogo wangu alikula fimbo na kuitwa "mtoto wa kichaa" mbele ya wageni. Sekondari akaanza bangi, na kabla hajafika miaka ishirini akaanza kusikia sauti. Siwezi kuapa kwamba bibi ndiye aliyeniokoa. Ndugu hawagawani vinasaba sawasawa, huenda mwenzangu alichota fungu zito. Ila ile bangi, kwa mtu wa ukoo kama wetu, ni hatari kabisa.

Nikiwa hapohapo: ukikutana na mtu anauza kipimo cha jeni (kinasaba) ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kali, mpite. Mwaka 2003 jeni moja ya serotonini, kemikali ya ubongo, ilipata umaarufu kweli, ikisemekana ndiyo inayowaangusha watu wanaopata misukosuko. Uchambuzi mkubwa wa 2019 haukukuta ushahidi wa maana. Zinazohusika ni jeni nyingi mno, kila moja na mchango wake mdogo.

Sasa mchumba wako. Ugonjwa huu mara nyingi huanza ujanani, kwa wanawake huchelewa kidogo. Kama amepita miaka thelathini akiwa salama, sehemu kubwa ya hatari ameshaiacha nyuma. Muulize alilelewa na nani, nani alimsimamia mama alipougua. Hilo lina uzito kuliko soga za wajomba.

Ukioa, mama mkwe asikose kliniki wala dawa, na watoto waambiwe ukweli kadiri ya umri wao. Usiku walale vya kutosha. Fimbo za hasira na matusi viishie getini. Bangi marufuku kwako, hata kwa hao wajomba wakija kusalimia.