Kitabu cha Pili Kikikuangusha

Sisi tunaosoma riwaya za kisayansi huku Mtwara hatuko wengi, lakini tukikutana hatukosi cha kulalamikia. Lalamiko lenyewe halibadiliki: cha kwanza moto, cha pili vuguvugu, cha tatu kiko chini ya godoro na hakijafika nusu. Juzijuzi fundi simu mmoja wa Chikongola kanirudishia kitabu changu cha Rama II, tiketi ya basi imechomekwa pale alipoishia, na salamu hazijaisha akaanza: "Kaka, shika mzigo wako. Mimi nilitaka kuingia kwenye hicho chombo cha anga. Hawa wananisimulia nani kamtaka nani!"

Namwelewa. Kwa wasioijua habari yenyewe, Rendezvous with Rama ya Arthur C. Clarke ilitoka mwaka 1973. Mwaka 2131 silinda moja ya urefu wa kilomita 50 hivi inaingia kwenye mfumo wetu wa jua, haijulikani imetoka kwa nani, wanaiita Rama. Kamanda Norton na wenzake wanaingia ndani na tochi zao. Giza tupu, ngazi zisizo na mwisho, na bahari iliyoganda barafu ambayo imepinda kufuata ukuta mpaka inapita juu ya vichwa vyao. Baadaye taa zinawaka zenyewe, barafu inayeyuka, upepo unavuma. Kisha chombo kinapita karibu na jua na kwenda zake, hakijajali hata kama binadamu wapo. Waliokitengeneza huwaoni kabisa. Unafunga kitabu mdomo wazi, na huo mdomo wazi ndio uhondo wenyewe.

Clarke hakuwa na mpango wa kuendelea. Rama II ilikuja mwaka 1989, miaka 16 baadaye, na jaladani kuna jina la pili: Gentry Lee, mhandisi aliyefanya kazi kwenye safari za vyombo vya NASA kama Viking na Galileo. Ungetegemea mhandisi aongeze mitambo. Wapi! Yeye kaongeza watu: maisha yao ya nyuma, mapenzi, wivu, fitina za waandishi wa habari, anguko la uchumi wa dunia. Kuingia kwenye chombo unakusubiri sana. Jina la mtaa ni lile lile, mwenye nyumba kabadilika, na wewe umebisha hodi ukimtarajia wa zamani.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni wa mfukoni. Kwetu hapa maduka ya vitabu yanaishi kwa vitabu vya shule na vya dini. Riwaya ya namna hii unamwagiza mtu Dar, anazunguka kwa wauza vitabu vya mitumba, anakufungia, kifurushi kinapanda basi la jioni. Hupati nafasi ya kusimama dukani ukafunua funua. Basi kabla hujatuma hela, mwombe muuzaji akupigie picha tatu kwa WhatsApp: jalada, ukurasa wa hakimiliki, na kurasa mbili zozote za katikati. Jaladani hesabu majina. Kwenye hakimiliki tazama mwaka, ulinganishe na kile cha kwanza. Zile kurasa za katikati ndizo hazidanganyi. Ukikuta watu wanajibizana sebuleni wakati wewe unatafuta safari, umeshajua unanunua nini. Muuzaji mmoja aliwahi kuniuliza kama nanunua kitabu au nampeleleza. Nikamwambia vyote viwili.

Miaka mingi katikati peke yake haimaanishi kitu kimeharibika, lakini. Mwandishi Isaac Asimov alitoa kitabu cha tatu cha mfululizo wake wa Foundation mwaka 1953, akarudi mwaka 1982 na Foundation's Edge, na mwaka uliofuata kitabu kikachukua Hugo, tuzo kubwa ya riwaya za kisayansi. Kuna wanaokipenda kuliko vitatu vya mwanzo. Mimi simo, ila siwezi kusema walipunjwa.

Sasa kuna maudhi ya aina nyingine kabisa, na haya ndiyo yananifanya niandike. Ambaye hajasoma Dune na anataka kuisoma aruke aya tatu zinazofuata, nisimharibie uhondo.

Dada mmoja tunayefanya naye kazi ghalani, msimu wa korosho ukiisha tunapata nafasi ya kusoma, alimaliza Dune ya Frank Herbert kwa mwendo wa kukimbia. Aliyepita madrasa anaisoma ile riwaya kwa raha ya peke yake, maana kila kurasa kadhaa unakutana na Mahdi, jihadi, hija, ukajiona uko nyumbani katikati ya jangwa la sayari nyingine. Paul, shujaa wa hadithi, alipokalia kiti cha ufalme, dada yangu huyu alifurahi kama harusi ni ya kwao. Akachukua cha pili, Dune Messiah, ile ya mwaka 1969. Imepita miaka 12 ndani ya hadithi, vita vya kidini vilivyopiganwa kwa jina la Paul vimeua watu bilioni 61, mfalme mwenyewe kanasa kwenye ufalme wake, anapofushwa macho, mwisho anatembea peke yake kuingia jangwani. Alikuja kazini amenuna. "Huyu mwandishi ana roho mbaya," akaniambia. "Kwa nini amfanyie hivi?"

Nikamwuliza: umechukia kwa sababu kitabu kimekuchosha, au kwa sababu kimekuumiza? Hapo ndipo pa kupatazama. Herbert alisema kuwa sehemu za kitabu cha pili na cha tatu alikuwa ameshaziandika kabla cha kwanza hakijakamilika. Kwa hiyo Paul kuanguka si kitu kilichobandikwa baadaye ili kuuza, kilikuwemo tangu mwanzo. Herbert alitaka watu waogope mashujaa. Na si dada yangu peke yake aliyechukia. Mhariri John W. Campbell, ambaye jarida lake la Analog ndilo lililoitoa Dune kwa mafungu kabla haijawa kitabu, alikataa kuichapisha hii ya pili, ikaenda kwa jarida la Galaxy. Yeye alitaka shujaa wake abaki shujaa.

Ndiyo maana mtu akinijia na hasira za kitabu cha pili, namwambia aniambie malalamiko yake kwa sentensi anazozitumia mwenyewe. Akisema "kwa nini fulani katendewa hivi", kitabu kimemfikia, hasira ni ya mtu aliyeguswa. Huyo namshauri akiweke kitabu, apumzike mpaka msimu mwingine, kisha kabla ya kukirudia afungue tena kile cha kwanza atafute zile sehemu Paul anapoona vita vinakuja kwa jina lake na hana njia ya kuvizuia. Zipo, tena si moja. Ila mara ya kwanza unazipita mbio kwa sababu unataka kujua nani kashinda. Lakini akisema "haya yananihusu nini mimi?", kama fundi wangu wa Chikongola, huyo simlazimishi. Aache.

Kuacha kuna watu wanaona ni dhambi, hasa kwa kitabu cha hela. Hela imeshakwenda, ukiongeza na usingizi wako hairudi. Kabla ya kuacha kabisa, ruka. Kwenye Rama II mtu anaweza kuruka mpaka wanapoingia kwenye chombo na asipotee sana, na humo ndani kuna kurasa nzuri kweli.

Kuna jambo jingine hatulisemi. Vitabu hivi tunavisoma kwa Kiingereza, wengi wetu kamusi ikiwa pembeni. Jasho unalotoa kwenye kurasa mia mbili si sawa na la msomaji wa Chicago, kwa hiyo na maudhi yanakuwa makubwa zaidi. Pia inatokea kitabu kikaonekana kibovu kumbe Kiingereza chake ndicho kimepanda ngazi. Ukishuku hivyo, soma ukurasa mmoja kwa sauti, asubuhi, kichwa kikiwa kipya, si usiku wa joto umeme umekatika na simu ina asilimia nne. Ukiuelewa na bado hauna ladha, basi hauna ladha.

Na usiulize watu "kizuri au kibaya?" Uliza wanapenda nini. Nina jirani yangu Shangani, muuguzi, ambaye Rama ya kwanza ilimshinda. Alisema ni mwongozo wa mashine. Ya pili aliisoma akakesha, kwa sababu ya Nicole, yule daktari wa msafara, mama anayelea mtoto peke yake na siri yake moyoni. Kile kile kilichomfukuza fundi ndicho kilichomweka yeye. Nakala yangu sasa iko kwake, na sidhani kama itarudi.

Kwa anayeanza Dune leo: nunua moja tu, usiagize furushi zima la sita kwa sababu muuzaji kakupunguzia bei. Ukimaliza na bado una maswali juu ya Paul, agiza ya pili. Ukimaliza umeridhika, ishia hapo, hakuna atakayekudai. Rama ya tatu na ya nne, za mwaka 1991 na 1993, mimi sijazinunua na sina mpango huo, kwa hiyo yule muuzaji wangu wa Dar anayenitumia picha za majalada yake kila wiki anaweza kupumzika.