Msiulize miaka, ulizeni nani anayemsemea

Mmeuliza wiki hii: kijana aondoke kwa wazazi akiwa na miaka mingapi? Mimi nilikuwa nikisema akishapata kipato, aondoke. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, akitimiza miaka 18 si mtoto tena, na NIDA watamwandikisha apate kitambulisho cha taifa. Lakini wapo wa miaka 30 ambao mama ndiye anayewasemea kila mahali.

Mtoto wa kaka yangu alipopata kazi ya dukani Kariakoo, baba yake alimwambia akapange. Nikamsindikiza Kimara. Dalali alituzungusha tangu asubuhi, na hela ya kuonyeshwa vyumba alikuwa ameshachukua. Tulichokipenda kilikuwa shilingi 60,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba akataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, 360,000, na dalali naye akataka ya mwezi mmoja. Jumla 420,000, godoro bado.

Kijana akanigeukia. "Shangazi, waambie wewe."

"Anayehamia ni wewe, mwanangu. Sema."

Akanyamaza kidogo, kisha akaanza, sauti ikitetemeka. Umeme wa Luku mnachangiaje? Choo kimoja wapangaji wangapi? Maji yanatoka siku gani? Bati likivuja nani anatengeneza? Mkataba wa maandishi upo? Mwenye nyumba akajibu kwamba yeye haandikishani na watoto. Kijana akarudisha hela mfukoni. "Basi, mzee wangu, asante. Nitatafuta kwingine."

Mpaka leo nikikumbuka najivunia. Alikuwa na miaka 23, na sikuwahi kumsikia akimkatalia mtu mzima kwa heshima namna ile.

Alirudi kwa baba yake na yupo hadi sasa. Luku ya nyumba nzima ananunua yeye, gesi pia, na akiba yake anaijua mwenyewe. Kwa hiyo, nikimtazama yeye, siwezi tena kusema lazima aondoke. Akae, ili mradi ana jukumu ambalo asipolitimiza nyumba inalala giza, na mzazi asikimbilie kumlipia kimyakimya. Pale watoto sita wanapolala chumba kimoja, sawa, wakubwa wapishe.

Mabinti wengi bado wanaambiwa wasubiri ndoa. Nao waachwe wakaongee na wenye nyumba wenyewe, ingawa binti yangu nisingemruhusu aende na dalali peke yake.