Mafunzo ya utafiti baada ya PhD: afya ya kidijitali na moyo, Marekani

Ndugu, nimekusoma: PhD umemaliza, unataka kutafiti saa janja za mkononi (zinazopima mapigo ya moyo) kwa wagonjwa wa moyo, na macho yako yako kwenye nafasi za T32, yaani nafasi za mafunzo ya utafiti zinazofadhiliwa na NIH (taasisi za taifa za afya za Marekani). Hizo achana nazo kama huna uraia wala ukaaji wa kudumu wa Marekani. Ufadhili wa American Heart Association (shirika la moyo la Marekani) hupokea hata wenye viza ya J-1, ile ya wageni wa programu za kubadilishana.

Kabla ya kusaini, mbane msimamizi: data ni ya nani, na mtaalamu wa takwimu yupo? Saa hutambua mapigo yasiyo na mpangilio, lakini pia hupiga kengele za uongo. Bila mtu wa takwimu utakwama (wengi hawaulizi). Sharti la J-1 la kurudi nyumbani miaka 2 halimgusi kila mtu, kwa hiyo muone mwanasheria wa uhamiaji.