Kaa na bendi moja: kwa mnaoanza kubuni majalada ya albamu Bagamoyo

Wadogo zangu, msikimbilie wateja wengi. Tafuteni bendi moja ambayo muziki wake mnaupenda kweli, mkae nayo miaka.

Storm Thorgerson, mbunifu wa majalada ya albamu, alifahamiana na vijana wa Pink Floyd, bendi ya roki ya Uingereza, tangu walipokuwa Cambridge. Mwaka 1968 yeye na mwenzake Aubrey Powell, waliofanya kazi kwa jina la Hipgnosis, wakawatengenezea jalada la kwanza. Mwaka 1970 ikatoka Atom Heart Mother: mbele ng'ombe amesimama malishoni, basi. Jina la bendi halipo, la albamu halipo. Mteja uliyemjua juzi hakubali jambo hilo. Anataka sura yake ijae na jina ling'ae. Waliaminiana, ndiyo maana wakathubutu. Mimi jalada hilo nalipenda kuliko hata ule mche wa kioo (prizimu) wa albamu yao ya 1973, The Dark Side of the Moon, unaoonekana kwenye fulana kila mahali.

Kukaa pamoja si kupewa kila kazi. Mwaka 1979 jalada la albamu yao The Wall lilifanywa na mchoraji Gerald Scarfe. Thorgerson akarudi 1987 kwa jalada la A Momentary Lapse of Reason, akapanga mamia ya vitanda halisi kwenye ufuko wa Devon, Uingereza. Mvua ikanyesha, ikabidi vipangwe tena siku nyingine. Kwa hiyo bendi yako ikimpa kazi mwingine, usinune. Endelea kwenda kwenye maonyesho yao.

Hapa kwetu uaminifu huo hujengwa mazoezini. Vijana wakipiga pale TaSUBa, chuo chetu cha sanaa, nenda ukae, usikilize, uulize kila wimbo umetoka wapi. Kompyuta ibaki imefungwa kwanza. Ukifanya hivyo utaachana na jahazi na machweo, picha ambayo kila mgeni anayefika Bagamoyo anaondoka nayo. Wimbo wa mvuvi mwenye madeni unaweza kupata jalada lake kwenye mizani tupu pale soko la samaki.

Kiufundi: tengeneza mraba wa pikseli 3000 kwa 3000, kisha upunguze hadi ukubwa wa ukucha kwenye simu. Maandishi yasiposomeka, rudia. Ukituma kwa WhatsApp kama picha ubora unashuka. Tuma kama faili. Malipo ya awali yaandikwe, hata kama mpiga gitaa ni binamu yako. Jina lako pia liwemo kwenye kazi, na hilo mkubaliane kabla albamu haijapandishwa mtandaoni.